Akili ya mzazi haihamishiki kwenye kompyuta, ilinde sasa

Huenda umeona kwenye simu video inayodai kuwa siku moja akili ya mtu itahamishiwa kwenye kompyuta, aendelee kuishi humo hata akifa. Kama uko Kinyangiri, wilayani Mkalama, na baba yako ameanza kusahau majina ya wajukuu, habari hiyo inavutia. Usiitegemee.

Mwaka 1986 wanasayansi walichapisha ramani ya seli zote 302 za neva za mnyoo wa urefu wa milimita moja. Mpaka leo mnyoo huyo hajaweza kuigwa kikamilifu kwenye kompyuta. Ubongo wa binadamu una seli hizo takribani bilioni 86. Na hata nakala ikipatikana, mzee mwenyewe atabaki na ugonjwa wake.

Usiseme ni uzee tu. Baadhi ya visababishi vya kusahau hutibika. Shinikizo la juu la damu huharibu ubongo polepole, mara nyingi bila dalili, na huleta kiharusi. Mpeleke mzee kituo cha afya apimwe presha na sukari. Akiandikiwa dawa, asiziache kwa kuwa anajisikia nafuu.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yasipoeleweka, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Ubongo ukikosa damu, seli huanza kufa ndani ya dakika chache.

Simu yako inaweza kutunza sauti yake akisimulia kwa Kinyiramba. Mrekodi angali anakumbuka.