Je, Wajua? Adui wa Tairi la Kasi ni Joto

Matairi ya malori makubwa ya migodini huchaguliwa kwa hesabu ya tani zinazobebwa na mwendo wa saa, kwa kuwa mzigo na kasi huzaa joto, na joto huyeyusha mshikamano wa mpira na nyuzi za ndani.

Tairi la gari dogo la kasi linakabiliwa na adui huyohuyo. Mwenye Altezza au Subaru anayelinganisha matairi asome ubavuni. Kwenye 225/45R17 91W, namba 91 ni mzigo wa juu wa kilo 615 kwa kila tairi, na W ni kasi ya juu ya kilomita 270 kwa saa. V ni 240, Y ni 300. Hakuna barabara yetu inayoruhusu mwendo huo, lakini herufi ya juu huonyesha tairi linalostahimili joto zaidi.

Mengi yana pia neno TREADWEAR na namba yake. Lenye 200 kwa kawaida lina mpira laini unaong'ang'ania lami, ila kashata zake huisha mapema kuliko za lenye 500.

Mimi huanza na tarehe ya kutengenezwa, kabla hata ya bei. Tarakimu 2319 mwishoni mwa alama ya DOT maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukakamaa hata ukikaa stoo, na kashata nzuri hazirudishi ulaini uliopotea.