Je, Wajua? Mnyama Aliyetoweka Mara Mbili

Bucardo, mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees nchini Hispania, aliwahi kurudishwa duniani baada ya kutoweka, japo kwa dakika chache tu. Wa mwisho, jike aliyeitwa Celia, alikutwa amekufa Januari 2000, ameangukiwa na mti. Bahati nzuri, seli za ngozi yake zilikuwa zimechukuliwa mwaka uliotangulia na kugandishwa. Viini vya seli hizo vilitiwa katika mayai ya mbuzi wa kufugwa yaliyoondolewa viini. Kati ya majike waliopandikizwa mimba, mmoja tu ndiye aliyeifikisha mwisho. Mtoto alitolewa kwa upasuaji Julai 2003, akafa baada ya dakika chache kwa kasoro ya mapafu. Hata angeishi, asingepata mwenzi: hakuna seli za dume zilizohifadhiwa.