Mama, Tembo na Machungwa Manne

"Baba, yale machungwa umeyaweka wapi?" mama akaniuliza.

Ilikuwa saa mbili usiku, tumepiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mama yangu, mwenye miaka 71, ameketi kwenye kiti cha kukunja, khanga mabegani, anaota moto. Machungwa yenyewe yalikuwa manne, ndani ya begi langu, na begi lilikuwa ndani ya hema langu. Mimi ni mtu niliyesomea ikolojia ya wanyamapori. Kwa miaka mingi nimewaonya wageni kwamba tunda halilali hemani. Usiku ule nikasahau. Mama, ambaye hajapata kulala hifadhini hata siku moja, hakusahau. Amekulia vijiji vya upande wa Kondoa, ambako tembo huingia mashambani mahindi yanapokomaa, na anajua wanachofuata.

Machungwa tukayala palepale, maganda tukayafungia kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo ikaingia garini.

Hofu ya mama haikuwa ya bure. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Yoshihito Niimura wa Chuo Kikuu cha Tokyo walihesabu jeni za vipokezi vya harufu kwa mamalia kadhaa. Binadamu ana karibu 400, mbwa karibu 800. Tembo wa Afrika alikutwa na karibu 2,000, idadi iliyowapita wote waliopimwa. Kwa pua ya namna hiyo, turubai jembamba la hema halifichi chungwa. Hema tupu lililofungwa zipu halimvutii tembo; kwa kawaida hulipita kama anavyopita kichuguu. Lenye matunda ni ghala, na mkonga hauna subira na zipu.

Kambi zetu nyingi za hifadhini hazina uzio. Kinachomlinda mtu pale ni mwenendo wake, na ndiyo maana nasema kumpeleka mzazi kambini si kumbebesha mzee taabu. Ni kuongeza mtu mwenye kumbukumbu.

Tembo walikuja kama saa saba usiku. Kwanza tawi likavunjika, kisha ukasikika mngurumo mzito wa chini ambao wengi hudhani ni tumbo la tembo linalosaga chakula. Ni sauti ya koo. Sehemu yake kubwa iko chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu halifiki, na huweza kusafiri kilomita kadhaa. Tulichosikia sisi ni masalia tu ya mazungumzo yao.

Kutoka hema la pili mama akanong'ona, "Nigonge sufuria?"

"Hapana, mama. Tulia tu, usiwashe tochi."

Hapo ndipo elimu yangu ilipofaa. Kijijini watu hugonga madebe na kuchoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi, na tembo huondoka kwa sababu pale shambani ndiye mgeni. Kambini mgeni ni wewe. Kelele za ghafla karibu na jike mwenye mtoto zinaweza kumfanya ashambulie badala ya kukimbia. Ukimya ndani ya hema lililofungwa humwacha apite na shughuli zake. Asubuhi tulikuta nyayo zimepita hatua chache tu kutoka kwenye kamba za hema, kubwa mbele na nyuma, ndogo katikati.

Mpangilio ule wa nyayo ni picha ya familia ya tembo. Kundi ni mama, mabinti zake na wajukuu, likiongozwa na jike mkubwa, ambaye mara nyingi ndiye mzee kuliko wote. Binti hubaki na mama yake maisha yote. Mtoto wa kiume huondoka anapobalehe, kwa kawaida kati ya miaka 10 na 15, akaishi peke yake au na madume wenzake. Nilipomweleza mama hayo tukinywa chai, akacheka. "Kumbe ungekuwa tembo, ningeshakuondoa zamani." Kwa utaratibu wa tembo, mwanamume wa miaka 44 hana ruhusa ya kulala jirani na mama yake.

Lakini kwa nini kundi limfuate bibi? Si kwa nguvu zake. Tembo hubadilisha magego seti sita maishani, na seti ya mwisho huisha akiwa na miaka 60 na kitu. Bibi asiye na meno hutafuta majani laini ya kwenye kinamasi, kama kile cha Silale hapo Tarangire, kwa kuwa magome yameshamshinda. Anachobaki nacho ni kumbukumbu.

Mwaka 1993 Tarangire ilipata ukame uliokuwa mkali kuliko wowote kwa takriban miaka 35. Mtafiti Charles Foley na wenzake, waliofuatilia tembo wa kaskazini mwa hifadhi, waliona ndama 16 kati ya 81 wakifa ndani ya miezi tisa, yaani mmoja kati ya watano, wakati kwa kawaida hufa wawili tu katika kila 100. Ila vifo havikugawanyika sawa. Koo mbili za tembo hao zilitoka hifadhini kutafuta maji na malisho, na ndama wao walinusurika zaidi. Ukoo uliobaki ulibeba sehemu kubwa ya misiba. Katika taarifa yao ya mwaka 2008, watafiti hao walitoa maelezo haya: baadhi ya majike wazee wa koo zilizoondoka walikuwa na umri wa kutosha kuwa waliuona ukame mkubwa wa 1958 hadi 1961, kwa hiyo huenda walikumbuka mahali pa kukimbilia. Ukoo uliobaki ulikuwa umepoteza wazee wake kwa majangili wa miaka ya 1970 na 1980.

Jangili hutafuta pembe ndefu, na wenye pembe ndefu ni wazee. Alipoua bibi mmoja kwa ajili ya pembe, aliondoka pia na ramani ya maji, na deni likaja kulipwa na vitukuu miaka mingi baadaye.

Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Amboseli nchini Kenya, ambako Cynthia Moss alianza kufuatilia familia za tembo mwaka 1972, Karen McComb na wenzake walijaribu jambo jingine. Waliwachezea tembo sauti za simba zilizorekodiwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yalionyesha kwamba familia zote zilishtuka zaidi kwa sauti za simba watatu kuliko mmoja. Lakini kutofautisha ngurumo ya dume na ya jike, jambo muhimu kwa kuwa dume ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kumwangusha ndama, walilifanya vizuri zaidi walioongozwa na majike wa miaka 60 na zaidi. Majike vijana walikuwa na masikio yaleyale. Hawakuwa wameishi vya kutosha.

Sasa tuje kwa msomaji anayetaka kumpeleka mzazi wake. Kwanza heshima. Mzazi na mtoto mzima hawalali hema moja kwetu, hasa wa jinsia tofauti. Chukua mahema mawili, yasimamishe karibu, milango ikitazamana, mweze kuongea bila kutoka. Usiyaweke chini ya mgunga unaodondosha maganda yake. Tembo huyapenda maganda hayo. Wala usiyaweke juu ya njia iliyokanyagwa hadi ikawa wazi; hiyo ni barabara ya tembo.

La pili ni choo, jambo ambalo vijana huona haya kulisema. Mtu mzima huamka usiku, na kutembea gizani hadi kwenye choo cha kambi ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Weka ndoo ndogo yenye mfuniko hemani mwa mzee. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mama kwa kuzungukazunguka. Nikakuta amebeba yake.

La tatu ni mavazi. Tarangire ina mbung'o, nao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao ni vitambaa vya rangi hizo. Kitenge cha buluu kibaki nyumbani, vaeni kaki au rangi ya mchanga. Mbung'o anaweza kuambukiza malale, ingawa ni mara chache. Mzee akipata homa baada ya safari, pimeni malaria, lakini mwambieni daktari pia kwamba mlikuwa hifadhini na mliumwa na mbung'o, kwa sababu asipoambiwa hatawaza hivyo.

La nne ni hesabu. Kibali cha kuingia hifadhi za taifa za Tanzania, kwa anayelala ndani, huhesabiwa kwa saa 24. Mkiingia getini saa nane mchana, siku yenu inaisha saa nane ya kesho yake, kwa hiyo mnapata jioni na asubuhi, nyakati wanyama wanapotembea, kwa malipo ya siku moja. Kwa safari ya kwanza chagueni kambi ya umma, yenye choo na maji, si kambi maalumu ambayo ni uwanja mtupu porini. Kuni msiokote, hairuhusiwi. Bebeni mtungi wa gesi au kuni za kununua nje. Miezi ya Julai hadi Oktoba wanyama hukusanyika mtoni Tarangire, na usiku wa Julai una baridi, basi blanketi la pili liwepo. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mzee mwenyewe, zikitosha siku mbili zaidi ya safari.

Hayo yote unaweza kuyaandika kwenye karatasi. La mwisho haliandikiki. Mkifika, kabla hujafungua hema, mketishe mzazi wako kivulini na umuulize swali moja: hapa ungekuwa wewe, ungeogopa nini? Kisha nyamaza umsikilize. Mimi sikumuuliza mama. Bahati yangu, hakungoja kuulizwa.