Nuru ya Dashibodi ya Pikipiki

Mwendesha pikipiki ya mtindo wa zamani, akitaka kuibadili rangi ya nuru imulikayo dashibodi yake, hana budi kwanza kuzima injini na kuufungua waya wa hasi wa betri, kisha aitoe taratibu ile globu ndogo, aghalabu ya volti 12, na kutia mahali pake taa ya LED ya rangi aipendayo. Akiisha kuurudisha waya wa betri, nayo taa isipowaka, aigeuze upande, kwa sababu umeme hupita katika LED kwa njia moja tu. Walakini rangi si pambo tupu: nuru nyekundu iliyo hafifu huhifadhi uwezo wa jicho kuona gizani, ilhali ya buluu kali huuondoa upesi; basi na achague kwa hekima, kwani salama ya roho yatangulia uzuri wa chombo.