Muda wa Utunzaji na Matumizi Mapya ya Vyombo vya Hifadhi katika Programu ya Bacula: Mfano wa Machapisho ya Kipalapala

Sehemu hii inafafanua namna programu huria ya Bacula inavyoamua ni lini chombo chenye nakala rudufu kitumike upya. Isipoelekezwa vinginevyo, programu hiyo hutunza kumbukumbu za faili kwa siku 60, za kazi kwa siku 180, na chombo chenyewe kwa siku 365. Muda ukiisha, kinachopogolewa ni katalogi. Data hubaki chomboni hadi data nyingine iandikwe juu yake. Aidha, chombo hakitumiki upya kabla ya kujaa au kufikia ukomo wa matumizi uliowekwa. Pasipo ukomo huo, diski huweza kujaa ilhali muda umekwisha.

Kwa maktaba inayotunza picha za kurasa za vitabu vilivyochapwa na Tanganyika Mission Press huko Kipalapala, Tabora, hatari kubwa ni ya upande wa pili. Kitabu cha zamani huweza kukaa miaka bila kufunguliwa. Picha ikiharibika leo na kugundulika baada ya miezi 20, nakala nzima zitakuwa zimekwisha kuandikwa juu, na zilizosalia zitabeba uharibifu uleule.

Kwa hiyo, muda wa utunzaji usipimwe kwa ukubwa wa diski pekee, bali pia kwa muda unaoweza kupita kabla ya uharibifu kugundulika. Nafasi ikiwa finyu, nakala kamili moja ya kila mwaka itengewe kundi la vyombo visivyotumika upya, na faili zihakikiwe kila mwaka.