Bapa la Birmingham, Ala ya Umasaini

Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, lilitoka kwa Waingereza. Walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, waliweka mahali hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya Waswahili ikalifinyanga jina hilo mpaka likawa Kariakoo, na leo hakuna anayelisikia kama neno la kigeni. Anayetaka kujua asili ya panga na visu vya zamani vya Afrika Mashariki angefanya vyema kuanzia kwenye jina hili, kwa kuwa silaha nyingi za makali za ukanda wetu zilizaliwa kwa njia hiyohiyo: kitu kimekuja kutoka nje, kikashikwa na mikono ya hapa, kikapewa umbo, kazi na maana mpya. Mnunuzi wa kitu cha kale huuliza "kimetoka wapi?" na kutaka jibu la neno moja. Kwa kisu cha huku kwetu, swali hilo lina majibu matatu au manne, na makosa makubwa ya wakusanyaji yametokana na kuridhika na moja tu.

Chukua sime ya Kimasai, ile ambayo wenyewe huiita olalem. Bapa lake ni jembamba karibu na mpini, hupanuka kuelekea kwenye ncha, lina makali pande zote mbili na mara nyingi tuta dogo lililopita katikati. Mpini umevishwa ngozi. Ala ni ya mbao zilizofunikwa kwa ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Mtu angeapa kwamba kitu hiki chote ni cha Umasaini, kuanzia ncha mpaka mkanda. Lakini Wamasai wafugaji kwa desturi hawakufua chuma. Kazi hiyo ilikuwa ya wahunzi wanaojulikana kama ilkunono, au ya majirani kama Wachaga, ambao nao walipata chuma kutoka kwa Wapare waliokuwa wakikiyeyusha milimani kwao. Kwa hiyo hata kabla ya mzungu yeyote kuleta chochote, sime moja ilikuwa imekwisha kupita kwa watu wa namna mbili au tatu. Karne ya 20, chuma cha tanuri za kienyeji kilipozidiwa na chuma cha melini, wahunzi waligeukia springi za magari, tupa zilizochakaa na mapanga ya shambani. Mapanga yenye alama ya mamba ya kampuni ya Ralph Martindale, kutoka Birmingham, yalienea sana, na zipo sime ambazo bado zina alama hiyo kwenye bapa. Alama kama hiyo ni hazina kwa mtafiti, kwa sababu hutoa mpaka wa umri. Bapa likionekana limekatwa kutoka panga la kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi miaka ya 1970, basi sime hiyo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kiwanda chenyewe, hata muuzaji akila yamini kuwa ilikuwa ya babu wa babu yake.

Hapo ndipo linapoibuka pingamizi la kwanza, nalo husemwa kwa dharau: kama chuma ni cha Birmingham au Ubungo, basi sime hiyo si ya asili, ni panga lililovalishwa ngozi. Pingamizi hili linadhani kwamba zamani ilikuwepo enzi safi ambayo kila kabila lilichimba, likayeyusha na kufua lenyewe bila kutazama nje. Ushahidi unakataa. Kitabu cha wanamaji kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na kati ya bidhaa zilizoletwa huko kinataja mikuki iliyotengenezwa Muza, kusini mwa Uarabuni, kwa ajili hasa ya soko hilo, pamoja na mashoka madogo na visu. Yaani karibu miaka 2,000 iliyopita kulikuwa tayari na mafundi ng'ambo waliojua mteja wa pwani hii anapenda mkuki wa namna gani. Wala safari haikuwa ya upande mmoja. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kuhusu chuma cha Sofala kilichopelekwa India na kusifiwa huko kwa kufulia panga. Nao wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 matokeo ya utafiti wao Buhaya, wakionyesha kwamba watu wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wakitengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Ujuzi ulikuwepo na biashara ilikuwepo, na kimoja hakikukifuta kingine. Kinachoifanya sime kuwa ya Kimasai ni mkono ulioichonga upya, uwiano wa bapa lake, ala yake, na kiuno kilichoivaa.

Kosa la kinyume lina madhara yaleyale, nalo limewahi kuigusa Zanzibar. Katika karne ya 19, Auguste Demmin, mwandishi wa vitabu vya silaha, alichapisha mchoro wa upanga wenye mpini wa umbo la herufi H na kuupa jina la Zanzibar. Msafiri Mwingereza Richard Burton akaurithi mchoro huo katika kitabu chake kikubwa kuhusu panga, kilichotoka mwaka 1884. Burton hakuwa mgeni wa Zanzibar. Alifika kisiwani Desemba 1856, akakaa, na mwaka 1872 akachapisha kitabu kizima juu ya mji na pwani yake. Hata hivyo jina lilipokwisha kuchapishwa lilikuwa na nguvu kuliko macho yake mwenyewe. Ilibidi mkusanyaji wa Kifaransa, Charles Buttin, ambaye katalogi yake ilitoka mwaka 1933, aonyeshe kwamba silaha hizo ni za Morocco, upande wa pili kabisa wa Afrika. Kwa miongo kadhaa, mtu yeyote aliyeona mpini wa H sokoni London au Paris aliandika "Zanzibar" kwenye kikaratasi chake, na kila kikaratasi kikawa ushahidi wa kinachofuata. Jina la mahali lililobandikwa kwenye silaha ni madai. Lazima yapimwe kama madai mengine.

Yapimwe kwa nini? Kwanza kwa kitu chenyewe. Kunoa kwa miaka mingi hulila bapa, likawa jembamba pasipo mpangilio, hasa pale panapotumika zaidi. Mistari ya grinda ya umeme imenyooka na kufuatana sawasawa, ya tupa ya mkono hupishana, na nyundo huacha mabonde madogo ambayo kidole huyahisi kabla jicho halijayaona. Kutu ya kuzeesha, ile ya maji ya chumvi na siku chache juani, ni ya rangi ya chungwa na hufutika kwa kitambaa. Ya miaka mingi ni ya hudhurungi nzito na imeng'ang'ania chuma. Mdomo wa ala iliyotumika hung'aa kwa kupitiwa na chuma maelfu ya mara. Ndiyo maana mtu anayenunua kisu cha kale kisha akakisugua kwa msasa mpaka king'ae amekiharibu kuliko miaka yote iliyotangulia. Maabara inaweza kusaidia, lakini itasema ni chuma cha aina gani, haitasema nani alikivaa.

Ushahidi wa pili ni maneno ya muuzaji, na hapa wengi hukata tamaa. Katika mitaa ya Kariakoo, wanasema, kila kitu ni cha kale na kila mzee alikuwa mtemi. Ni kweli kwamba biashara ina maneno yake. Lakini habari ya muuzaji si lazima iaminiwe ili iandikwe. Akisema alikipata kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, au kwa mlinzi Mmasai aliyekuwa akirudi kwao, au kwenye mnada fulani mkoani, ametoa njia ambayo kitu kimepitia, na njia hiyo inaweza kulinganishwa na alama, umbo na uchakavu. Habari ya uongo nayo hujulikana kwa kugongana na chuma, kama ile ya babu wa babu na panga la Ubungo. Kisichoandikwa siku ya kununua hakipatikani tena. Muuzaji huhama, kibanda huvunjwa, soko huungua kama lilivyoungua la Kariakoo Julai 2021.

Sheria yetu yenyewe inategemea habari hizo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inauweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya hapo kinalindwa kwa umri wake. Vya baadaye vilivyotengenezwa kwa matumizi ya kijamii na kimila vina kundi lao, na vilivyotengenezwa ili kuuzwa kama mapambo vimeachwa nje. Kuvitoa nchini vilivyolindwa kunahitaji kibali. Sasa weka mezani sime mbili za bapa lilelile la mamba, moja ilivaliwa na morani, nyingine ilitengenezwa kwa watalii. Chuma hakiwezi kuzitenganisha. Uchakavu wa ala na habari ya njia iliyopita ndivyo vinavyoamua ipi ni urithi na ipi ni bidhaa.

Wapo wanaosema kwamba kukusanya kukomeshwe kabisa, na vitu vyote viachiwe makumbusho, maana mkusanyaji hununua kutoka kwa mwenye shida kwa bei ya shida. Dhuluma hiyo ipo, na anayenunua kisu cha ukoo kwa mtu mwenye njaa hapaswi kujiita mlinzi wa urithi. Lakini makumbusho peke yake hayatibu ugonjwa wa kutoandika. Makumbusho ya Berlin yana takriban vitu 10,000 kutoka Tanzania, vingi vikiwa vimechukuliwa enzi za ukoloni, na watafiti wa Kijerumani na Kitanzania wanahangaika leo kujua kila kimoja kilitoka mikononi mwa nani, kwa sababu aliyekichukua hakuona haja ya kuuliza. Mkusanyaji wa Dar es Salaam yuko karibu na wenye habari kuliko alivyokuwa ofisa yeyote wa Kijerumani, anazungumza nao Kiswahili, na Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Daftari lake linaweza kufika huko hata kama sime yenyewe imebaki ukutani kwake.

Daftari hilo halihitaji usomi. Tarehe na mtaa, maneno ya muuzaji kama alivyoyasema, urefu wa bapa, alama iliyopo na upande ilipo, na kila ukarabati unaoonekana. Ala ikiwa imeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, uzi huo uandikwe na uachwe ulipo. Muuzaji anaweza kushauri ukatwe ili kitu kionekane cha zamani zaidi, lakini uzi huo ni kazi ya mtu aliyeitengeneza ala kwa sababu alikuwa bado anaivaa.