Upanga, panga na mapanga: maana, sarufi na matumizi

Irabu moja tu hutenganisha silaha ya askari na zana ya mkulima. Upanga ni silaha ndefu yenye ncha, ambayo aghalabu hutiwa katika ala na kutumiwa kwa vita, ulinzi au heshima. Panga ni chombo kipana na kizito cha kukatia miti, kufyekea vichaka na kuvunia miwa. Maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja, na ndiyo sababu huchanganywa mara kwa mara katika insha, tafsiri na hata taarifa za habari. Mchanganyo huo si dosari ya tahajia pekee. Anayeandika kwamba wanakijiji walikwenda shambani na panga zao amewapa panga za vita bila kukusudia.

Ngeli na upatanisho

Upanga umo katika ngeli ya U-ZI: upanga huu, panga hizi. Panga limo katika ngeli ya LI-YA: panga hili, mapanga haya. Umbo la pili limetokana na la kwanza kwa njia ya ukuzaji, yaani kudondosha kiambishi u- ili kuonyesha ukubwa au upana. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotoa fagio kutoka ufagio, bapa kutoka ubapa na pande kutoka upande. Baada ya muda, panga liliacha kumaanisha upanga mkubwa tu, likawa jina la chombo chenye kazi yake.

Kwa hiyo neno panga, likisimama peke yake, lina sura mbili: ni umoja wa mapanga na pia ni wingi wa upanga. Kinachoamua ni upatanisho:

Panga limenolewa. (chombo kimoja cha shambani)
Panga zimenolewa. (silaha mbili au zaidi)
Mapanga yamenolewa. (vyombo vingi vya shambani)

Vivumishi navyo husaidia, lakini si vyote. Panga refu ni moja, la shambani; panga ndefu ni nyingi, za vita. Panga jipya na panga mpya hutofautiana vivyo hivyo. Hata hivyo, panga kali na panga kubwa hazitoi mwanga wowote, kwa kuwa -kali na -kubwa hazibadiliki katika umbo hizo mbili. Hapo mwandishi hana budi kuongeza kiwakilishi au kitenzi kitakachoondoa utata: panga lile kali, panga zile kali.

Katika mazungumzo, hasa nchini Kenya, husikika panga yangu na panga hii kwa maana ya chombo kimoja. Matumizi hayo yameenea, lakini katika maandishi rasmi huandikwa panga langu na panga hili.

Udogishaji nao una mtego. Kipanga si panga dogo; ni ndege mwindaji wa jamii ya mwewe, na katika misimu ya wanafunzi wa Tanzania ni mwanafunzi hodari sana darasani. Panapohitajika kutaja udogo, panga dogo hutosha.

Umbo la chombo na majina ya sehemu zake

Umbo la panga hufuata kazi yake. Bapa lake ni jembamba, kwa kawaida la unene wa milimita 2 hadi 3, na katika mapanga mengi ya Afrika Mashariki hupanuka kuelekea mbele. Upana huo huupeleka uzito mbali na mkono, hata pigo lipate nguvu bila mkataji kutumia nguvu nyingi. Chuma chake hakifanywi kigumu kama cha wembe. Kingekuwa kigumu mno, kingemeguka kikigonga jiwe au fundo la mti; kwa kuwa ni laini kiasi, hujikunja kidogo au kupata pengo dogo ambalo huondolewa kwa tupa.

Sehemu zake zina majina ambayo mfasiri hapaswi kuyakwepa. Makali ni upande ukatao. Neno hili hutumika katika wingi. Mgongo ni upande wa pili, mnene, ambao hutumika kuvunjia nazi. Bapa au ubapa ni uso mpana wa chuma. Ncha ni mwisho wa mbele. Msuka ni sehemu ya chuma iingiayo ndani ya mpini. Panga lililopoteza makali ni butu, nalo ni la hatari zaidi kuliko panga kali, kwa sababu huteleza juu ya mti badala ya kuzama. Kulirudishia makali ni kulinoa au kulitia makali, kwa tupa au kwa kinoo.

Kutokana na sehemu hizi umezaliwa usemi wa kushika mpini. Aliyeshika mpini ndiye mwenye uwezo. Aliyeshika makali, kila akivuta, hujiumiza mwenyewe.

Vitenzi vya kazi

Kukata ni kitenzi cha jumla, na mwandishi makini hukiacha pale penye kitenzi mahususi. Kichaka hufyekwa, kwa mapigo mapana yaendayo karibu na ardhi. Matawi hupogolewa. Kuni huchanjwa au hupasuliwa, ingawa kazi hiyo hasa ni ya shoka. Ganda la dafu huchongwa mpaka tundu la kunywea lipatikane. Miwa hukatwa, tena karibu kabisa na ardhi, kwa kuwa sehemu ya chini ya muwa ndiyo yenye sukari nyingi.

“Kwa” na “na”

Hapa ndipo kosa dogo linapoweza kumgharimu mtu. Baada ya kitenzi cha kutendwa, na hutangulia mtenda, na kwa hutangulia kifaa. Linganisha:

Alikatwa na jirani kwa panga.
Alikatwa na panga.

Sentensi ya kwanza ina mkosaji na kifaa. Ya pili haimtaji mkosaji. Yaweza kueleweka kuwa panga lilimponyoka mtu au lilimwangukia aliyejeruhiwa. Mkalimani wa mahakamani anayezichukua sentensi hizi kuwa sawa huweza kuligeuza shambulio kuwa ajali, au ajali kuwa shambulio. Vilevile, kumpiga mtu kwa bapa la panga si kumkata kwa panga. Pigo la kwanza huacha uvimbe na la pili huacha jeraha. Shahidi akisema “alinipiga bapa”, tafsiri haina budi kulitaja bapa.

Majirani wa panga

Sime ni silaha fupi iliyonyooka, ijulikanayo sana miongoni mwa Wamaasai na majirani zao. Jambia ni kisu kilichopinda cha asili ya Kiarabu, ambacho huvaliwa kiunoni. Kotama ni kisu cha mgema. Mundu una makali yaliyopinda. Fyekeo ni la kukatia nyasi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoitwa panga kwa usahihi.

Mfasiri kutoka Kiganda ajihadhari zaidi, kwa sababu ebijambiya katika lugha hiyo ni mapanga, si majambia. Sauti inafanana, chombo ni kingine.

Kutafsiri kutoka lugha nyingine

Kipimo kifaacho ni kuuliza chombo kiliundwa kwa kazi gani. Machete ya Amerika ya Kilatini ni panga. Katana ya Kijapani, iliyoundwa kwa vita, ni upanga. Jina hilo la Kijapani liliingia katika Kireno likawa catana, na leo catana ni panga la shambani: neno limepita njia ile ile ya upanga na panga, kutoka vitani hadi shambani. Bendera ya Angola, iliyoanza kutumika mwaka 1975, ina nusu ya gurudumu lenye meno, panga na nyota. Gurudumu huwakilisha wafanyakazi wa viwandani. Panga huwakilisha wakulima na pia mapambano ya silaha. Anayeandika kwamba bendera hiyo ina upanga humwondoa mkulima katika bendera yake.

Kwa vyombo vyenye sura ya pekee, kama kukri ya Nepali au bolo ya Ufilipino, inafaa jina la asili libaki na kufuatwa na maelezo mafupi: kukri, panga fupi lililopinda la Nepali. Kwa njia hiyo msomaji hupata jina la kigeni na picha ya chombo kwa pamoja.